Taarifa ya Mjaribu, Wiki ya Kumi na Moja

Nalipwa kwa saa ili nichoke kabla ya wengine.
Hapa Oulu, ghorofa ya tatu, juu ya duka la matairi,
nacheza gemu ambayo haijazaliwa bado
na kuandika panapouma.

Wiki hii panauma begani kwa Aune,
msichana wa miaka tisa, amechorwa vizuri mno,
hata ncha ya pua ina wekundu wa baridi.
Hadithi inamtaka achote maji.
Toka tundu la barafu ziwani hadi mlango wa zizi
ni hatua mia mbili na kumi na nne
(nimezihesabu, sina kazi nyingine).
Ndoo moja ya ng'ombe, moja ya birika,
moja inamwagika njiani,
kwa kuwa Hilppa, mwandishi wetu, ameshikilia
kwamba lazima moja imwagike.
Asubuhi thelathini. Kila asubuhi ndoo tatu.
Kidole gumba changu kimeota sugu
kwa maji yasiyokuwepo.

Niliandika: hii ni kazi ya punda.
Niliandika: mtu katoka kiwandani, kavua viatu,
kaketi apumzike, nanyi mnamtwika ndoo?
Haba na haba hujaza kibaba, sawa,
lakini nani aliwahi kumuuliza anayebeba haba?

Hilppa akajibu mstari mmoja:
Subiri asubuhi ya thelathini na moja.

Bosi Penttinen, anayewaogopa wateja kuliko kodi,
akaamuru kiwekwe kitufe. *Ruka.*
Nikakibonyeza Jumatano.
Skrini ikafumba na kufumbua, kama kope,
ndoo zimejaa, ng'ombe keshakunywa,
na mama kitandani akanigeuzia uso:
"Ahsante, mwanangu. Vidole vyako vimekuwa barafu."
Vidole vyangu vilikuwa vimeshika kahawa.
Niliona haya, naapa, mtu wa miaka arobaini na sita,
kama niliyesaini mshahara wa jirani.

Nikarudi mwanzo. Nikabeba zote.

Asubuhi ya thelathini na moja kitanda kimetandikwa.
Hakuna anayesema neno. Hakuna mshale wa kuonyesha njia,
wala muziki wa kukuambia ulie.
Nami nilikuwa nusu ya njia ziwani
kabla sijakumbuka kwamba hakuna aliyenituma.
Kidole kilikwenda chenyewe.
Ng'ombe akanywa.
Nikasimama mlangoni na ndoo ya birika,
nikasimama sana,
hadi taa za ofisini zikadhani hakuna mtu, zikazimika.

Lakini tusidanganyane.
Sura ya nne kuna manyoya sitini ya kunguru,
eti yaokotwe kwa ajili ya msaga ngano
asiye na mto wala jina wala usingizi uliopotea.
Hayo yapo ili boksi liseme *saa arobaini*.
Nimeyaokota mara saba. Hakuna aliyeyangoja.
Wapo watakaosema ni mazito, yana maana ya ndani.
Kuchosha si kina, wenzangu.
Matope nayo hayaonyeshi chini.

Jioni nilikuta theluji imeziba mlango wa jengo letu.
Zamu ilikuwa yangu. Nikachukua koleo.
Nilipofika barabarani nikatazama nyuma:
njia yote nyeupe tena, kana kwamba sikupita.
Mzee Kaarlo wa chini akachungulia dirishani,
akainua kikombe, akafunga pazia.
Sijui kama huo ulikuwa mwisho wa sura
au kikombe tu.

Mapendekezo:
Manyoya, yafutwe yote.
Kitufe cha *Ruka* kibaki, wapo wenye mikono inayouma kweli,
ila mama asimshukuru aliyekibonyeza.
Asubuhi thelathini ni nyingi; ishirini na mbili zatosha.
Mimi nilianza kumpenda ya kumi na tisa,
hizo tatu ni za wagumu kuliko mimi.
Ndoo inayomwagika
isiguswe.